Paa la nyumba Kigamboni, niweke bati au vigae vya lami?

Baba Wawili wa Mjimwema:
Wakuu habari za leo. Nyumba yangu imeshafika ringi bimu, ule mkanda wa zege juu ya kuta, vyumba vitatu na sebule, ipo Kigamboni upande wa Mjimwema na bahari usiku tunaisikia kabisa. Mimi akili yangu yote ilikuwa kwenye bati la rangi geji 28 (geji ni unene wake), lile la mtindo wa msauzi, nimalize nihamie. Sasa mama watoto kaona picha za nyumba za Marekani, yale mapaa ya vigae vya lami, vile vipande vyenye chengachenga za mawe juu, rangi ya mkaa, basi nyumbani hakuna stori nyingine. Tumeenda kwa muuzaji mmoja akatuambia anavyo, vinadumu miaka 50, mvua ikinyesha husikii kitu, havina joto na havijui kutu. Fundi wangu nikimwambia anacheka tu, anasema bosi hiyo achana nayo, lakini sababu hatoi.

Ninachotaka kujua ni joto, chumvi ya bahari na gharama, na pia nina mpango wa kuvuna maji ya mvua maana bomba la huku ni la kusubiria. Aliyewahi kushika hivi vitu kwa mkono wake anisaidie, natanguliza shukrani.

mzee wa fursa:
Weka makuti mkuu, hayana kutu wala kelele 😂

Fundi Kenchi:
Mkuu kabla hatujafika mbali, hakikisha kwanza hicho mlichoonyeshwa ni nini, maana hapa mjini mtu akisema vigae vya Kimarekani mara nyingi anamaanisha bati la mawe, lile la vipande vifupi vilivyokunjwa kwa umbo la kigae. Lile ni bati kama bati lingine, limepakwa gundi likanyunyiziwa chembe za mawe juu. Nenda na sumaku, hata ile ya kubandika kwenye friji inatosha, iweke upande wa chini, ikishika ujue ni chuma. Kigae cha lami chenyewe hakishiki sumaku, ukikishika kinapinda mkononi, na kikikaa juani kidogo kinatoa harufu ya barabara iliyotoka kumwagwa.

Sasa tuseme kweli ni lami. Fundi wako anacheka kwa sababu ya kitu ambacho muuzaji hajakwambia, kwamba kigae cha lami hakiwezi kukaa juu ya papi, zile mbao nyembamba za kulalia bati. Bati unapiga kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa, unapiga papi za 2x2, unalaza bati, umemaliza. Lami ni laini, inataka sakafu nzima ya mbao chini yake, yaani unafunika paa lote kwa plaiwudi, juu ya plaiwudi unatandika karatasi ya lami ya kuzuia maji, ndiyo unaanza kupigilia vigae. Plaiwudi ya futi 4 kwa 8 inafunika kama mita 3 za mraba, kwa hiyo paa lako likiwa mita za mraba 180 unaongelea bodi 60 na kitu hapo hujahesabu vipande vya kutupa kwenye kona, na sio plaiwudi ya kutengenezea kabati hiyo, inatakiwa ile inayovumilia unyevu. Ukipeleka hiyo hesabu dukani utajikuta hela ya bati imeshaisha na kigae hata kimoja hujanunua.

Halafu kuna uzito. Bati geji 28 ni kilo 3 na kitu hadi 4 kwa mita ya mraba. Vigae vya lami peke yake ni kilo 10 kwenda juu, weka na bodi unakaribia 20. Kama kenchi zako zilichorwa kwa ajili ya bati itabidi zichorwe upya. Na mchwa wa Kigamboni unawajua.

Mnyaki wa Houston:
Niongezee hapo kwa Fundi. Mimi nipo Houston na kazi inayonilisha ndiyo hiyo ya mapaa, vigae vya lami nimebeba mpaka mgongo unavijua. Huku vimejaa kwa sababu bodi ni bei ya chini, vigae vinatengenezwa hapa hapa, mafundi wapo kila kona na nyumba ya kawaida inaezekwa siku moja au mbili. Ukiondoa hayo mambo manne sioni kwa nini mtu wa Dar ajitese.

Kuhusu miaka 50, hiyo ni dhamana iliyoandikwa kwenye pakiti, inahusu kasoro ya kiwandani na thamani yake inashuka kila mwaka, haina maana paa litakaa miaka 50. Huku Texas kwenye jua kali paa nyingi tunazing'oa kwenye miaka 15 hadi 20. Jua linakausha yale mafuta ya lami, kigae kinakuwa kikavu kinapasuka, zile chembe za mawe zinaachia na unazikuta kwenye gata kama mchanga, sehemu zilizobaki uchi ndiyo zinaisha haraka zaidi. Na kwenye unyevu wa pwani linaota michirizi myeusi, ni mwani ule, sio moshi, viwanda vingine vinachanganya chembe za shaba ili kuuzuia.

Kuhusu joto muuzaji wako kakudanganya mchana kweupe. Rangi ya mkaa inameza jua iwe kwenye lami au kwenye bati. Kinachosaidia ni hewa kupita, inaingilia chini ya ukingo wa paa inatokea juu kwenye kofia, pale kileleni, na huku hatuezeki lami bila hiyo njia maana joto likikwama chini linaipika lami kutokea ndani. Nikiri kwenye kelele hajakosea, lami juu ya bodi imetulia kweli.

Halafu mteremko. Tunataka angalau inchi 4 kupanda kwa kila inchi 12 za kwenda, chini ya hapo unatandika karatasi mara mbili, chini ya inchi 2 hawaruhusu kabisa. Kwa hiyo wale wa paa la kuficha, lile la mteremko mdogo linalofichwa na ukuta, hata wasifikirie.

Bi Mkubwa wa Pwani:
Mwanangu, mie nimekaa karibu na bahari umri wangu wote, nikwambie la kutu maana hao wote wamelipita. Kutu haianzii katikati ya paa watu wanapopaangalia. Inaanzia chini ya ukingo na kwenye kibaraza, kule mvua isipofika, kwa sababu huko chumvi inatua na hakuna wa kuiosha. Paa la juu mvua ya masika inalisafisha yenyewe. Kwa hiyo akija kijana kukupigia maji ukutani kila baada ya muda mwambie apandishe na mpira wa maji chini ya ukingo, ni kazi ndogo tu.

Na kelele za bati, weka dari ya jipsam na juu yake hayo magodoro ya kuzuia joto, mvua utaisikia kwa mbali tu. Mie binafsi napenda kuisikia, lakini hayo ni yangu. Mkeo mwambie rangi ya mkaa ni nzuri pichani, Januari akilala mchana atakuja kunikumbuka. Achukue rangi ya maziwa au kijivu cheupe.

Baba Wawili wa Mjimwema:
Aisee nimewaelewa, shikamoo Bi Mkubwa na asante. Sumaku nimeenda nayo leo leo, imeshika 😅 kwa hiyo kumbe tulikuwa tunauziwa bati la mawe kwa stori za lami. Mama watoto kanyamaza kidogo. Sasa Fundi, kama ni bati basi lipi la kuhimili huku, na hilo la mawe lina ubaya gani maana yeye bado analitamani.

Fundi Kenchi:
La mawe sio baya. Halipigi kelele sana kwa sababu zile chembe zinavunja matone, na linapendeza. Lakini ni vipande vidogo vidogo, maungio ni mengi, linataka fundi anayelijua na papi za karibu karibu kwa vipimo vyake, na kwa maji ya mvua linashika vumbi kuliko bati laini, hata chembe zenyewe mwanzoni zinashuka na maji. Ukilitumia, maji ya mvua ya kwanza yamwage, usiyaingize kwenye tangi.

Kwa bati la kawaida, sahau kidogo geji uulize upako. Wewe upo karibu na bahari, unataka bati la aluzinki, ule upako ni alumini asilimia 55, zinki 43 na kidogo na silikoni kidogo, halafu rangi juu yake. Kwenye karatasi ya kiwanda inaandikwa AZ na namba, AZ150 maana yake gramu 150 kwa mita ya mraba pande zote mbili pamoja. Yale ya bei ya kutupa upako wake ni mwembamba sana ndiyo maana yanaota kutu mapema, na soma vizuri dhamana maana nyingi zinaweka kando nyumba za karibu na bahari. Kama upo mstari wa kwanza kabisa ufukweni na hela ipo, alumini tupu haina kutu nyekundu maisha.

Geji sasa. Kwa kipimo cha Kiingereza 28 ni milimita 0.376 na 30 ni 0.315, kwa macho huwezi kuona tofauti na hapo ndipo watu wanapopigwa. Azima maikromita, pima bati lenyewe sio sampuli ya kaunta, na ukumbuke rangi nayo inaongeza unene kidogo.

Na simamia kazi mwenyewe siku ya kuezeka. Fundi akitoa grinda kukata bati mzuie, akate kwa mkasi. Grinda inaunguza upako kwenye ukingo, halafu zile cheche ni vipande vya chuma vya moto, vinaruka vinaganda kwenye rangi ya bati la jirani na mvua ya kwanza tu paa jipya lina madoadoa ya kahawia. Zile mbao za kijani nazo zimetiwa dawa yenye shaba, zikipigwa bado mbichi zinakula upako wa bati kutokea chini, ziache zikauke vizuri na uweke ukanda wa karatasi ya lami juu ya papi. Hapo ndipo lami yako itafanya kazi 😀

Mnyaki wa Houston:
Hiyo ya grinda hata huku tunagombana nayo kila siku.

Baba Wawili wa Mjimwema:
Sawa wakuu, aluzinki, rangi ya maziwa, mama watoto kashakubali kwa masharti kwamba vigae achague yeye, vya jikoni. Fundi swali la mwisho, mteremko wangu mrefu ni kama mita 7, niunge bati mbili?

Fundi Kenchi:
Usiunge. Agiza kiwandani wakutolee urefu kamili, wanakunja kutoka kwenye roli hata mita 7 inatoka, ila kwanza angalia kama gari refu linaingia mtaani kwenu.