Tuta linavuja na njia ya mbao imeoza, pesa inatosha kimoja, tuanze na lipi?

mafunjo_mpigi
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Sisi ni kikundi cha watu kama 30 upande wa Mpigi hapa Uganda, tuna kinamasi kidogo ambacho zamani watu walilima mpunga wakakiacha, tukaingia tukarudishia tuta na kuweka geti la maji la kuchomeka mbao, na ndege wakarudi kweli, bata wale wanaopiga mluzi, yangeyange, korongo taji wa kwenye bendera wanashuka jioni. Tukapiga na njia ya mbao kama mita 120 ili mgeni apite bila kuzama kwenye matope. Sasa ni mwaka wa tatu na kila kitu kinaangukia kwa wakati mmoja. Tuta linavuja pembeni ya kalavati (lile bomba la kupitisha maji chini ya tuta), nguzo za njia (kalitusi tulinunua hapa hapa) zimeoza pale maji yanapogusa, wiki mbili zilizopita ubao ulikatika chini ya mama mmoja mgeni, mguu ukaingia mpaka gotini, hakuumia lakini aibu tuliyopata acha tu. Nusu ya kamati wanasema turekebishe njia kwa sababu njia ndo inaleta pesa. Halafu kuna vijana wanachomoa mbao za geti usiku wakamate samaki aina ya kamongo, asubuhi tunakuta maji yote yamekimbia. Nisaidieni mawazo jamani, nimechoka kubishana.

fundi_kalavati
Ndugu yangu kabla sijasema kitu, hayo maji yanayotoka pembeni ya kalavati ni masafi au yana rangi ya udongo?

mafunjo_mpigi
Mwanzo yalikuwa masafi ssebo. Tangu mvua za juzi yanatoka kama chai ya maziwa.

fundi_kalavati
Basi jibu unalo tayari. Maji masafi yakichuruzika unaweza kuyaangalia tu mwezi mzima, lakini yakitoka na udongo maana yake tuta linaliwa kutoka ndani, siku moja utaamka ukute shimo la kupita ng'ombe na kalavati limelala kwenye shamba la jirani. Na msije mkajaza magunia ya mchanga upande wa kutokea maji mkasema mmemaliza, maji yatatafuta mlango mwingine. Shusha maji, chimba pande zote mbili za kalavati mpaka ufike udongo mgumu, halafu urudishie udongo wa mfinyanzi kidogo kidogo, tabaka la sentimita 15 unashindilia vizuri ndo unaweka lingine. Watu wengi wanamwaga udongo wote mara moja wanashindilia juu juu, pale chini panabaki kama keki. Mkipata simenti, zungushieni kalavati ukuta mdogo wa zege katikati ya tuta, maji yakitaka kuteleza juu ya bomba yanagonga ukuta. Udongo mtaujua kwa mkono, ulowanishe kidogo, uviringe uwe kamba nyembamba kama kalamu, ikikatika katika una mchanga mwingi, tafuta kwingine. Hapa kwetu tulichukua wa kichuguu na haujatuangusha.

Angalieni na mashimo ya fuko na kenge. Na kama kuna mtu amepanda kalitusi juu ya tuta ng'oa zikiwa bado changa, mizizi ikishakufa ndani inaacha mabomba ya bure. Tuta ni la nyasi peke yake.

dada_wa_mtumbwi
Nakubaliana na fundi kuhusu tuta lakini hiyo njia msiiache wazi hata siku moja, fungeni leo, wekeni kamba na kibao. Mtu akivunjika mguu pesa yote mnayobishania itaisha hospitali.

Mimi niko upande wa Entebbe, na swali langu ni kwa nini mita 120? Kinamasi cha Mabamba kiliingia 2006 kwenye Ramsar, ile orodha ya dunia ya vinamasi muhimu, na watu wanatoka duniani kote kumtafuta ndege korongo nyangumi, na wanampata kwa mtumbwi, kazi kubwa pale ni kufungua vijia katikati ya mafunjo. Sisi tulikuwa na njia ya mbao, 2020 Ziwa Victoria likapanda mpaka likapita rekodi ya 1964, vipande vya njia vikaelea vikaenda. Mnakumbuka mwezi wa nne mwaka huo kisiwa kinachoelea kilivyoziba mitambo ya umeme pale Jinja nchi nzima ikakaa giza? Ndo maji yale yale. Tangu hapo tulibaki na kipande kifupi cha kufika kwenye mtumbwi, basi.

mzee_wa_bigodi
Dada yangu mtumbwi si wa kila mtu. Mimi mgongo hauniruhusu, na watoto wa shule 40 utawapeleka na mitumbwi mingapi? Kule Bigodi wanakijiji wana chama chao tangu 1992 na watu wanatembea kwa miguu kuzunguka kinamasi, sehemu za matope wana mbao. Inawezekana ila mbao ni kama mke mwenza, inataka haki yake kila mwaka. Shida yenu ni nguzo. Kalitusi mbichi haiozi chini ya matope wala juu, inaoza pale inapolowa na kukauka, kulowa na kukauka. Mwageni vigingi vifupi vya zege vinavyotokeza juu ya maji, halafu mbao zikae juu ya zege zisiguse maji kabisa. Misumari acheni, tumieni bolti zisizoshika kutu, ubao ukioza unafungua mmoja unabadilisha. Acheni nafasi ya kidole kati ya ubao na ubao, na juu pigilieni waya wa kuku, mvua ikinyesha hakuna atakayeteleza. Na mtu asiwauzie nguzo chakavu za umeme eti ni bei ya bure, ile dawa nyeusi itaingia kwenye maji mnayofugia ndege.

Na mita 120 kata, bakiza 40, mwisho wake weka ukuta wa mikeka ya mafunjo wenye matundu ya kuchungulia. Ndege hawaruki hovyo wasipoona kichwa cha mtu.

fundi_kalavati
Mzee umesema vema hapo kwa mikeka, hata ikichakaa mnasuka mingine.

Nimesahau kitu, mkishusha maji toeni ubao mmoja kila siku tatu nne. Yakishuka kwa usiku mmoja kingo zilizolowa zinabomoka zenyewe, kwa hiyo hao vijana wenu wa kamongo inawezekana ndo wameanzisha huo mvujo.

afande_mstaafu
Kazi kama hiyo fanyeni mwezi wa sita na wa saba. Mvua za Machi mpaka Mei zimeisha, na ndege wanaotoka Ulaya wanaanza kufika Septemba, watakuta maji yamerudi. Msijaze sana, bata wanaochokoa matope wanataka kina cha sentimita 10 mpaka 25, ukiweka maji ya kufika kifuani utabaki na mnandi tu, wale ndege wa kupiga mbizi. Wakazi bado wanataga miezi hiyo, kagueni viota kabla ya kufyeka. Na pitieni kwa ofisa wa mazingira wa distriki mpate kibali, kinamasi kwa katiba ya 1995 serikali imekishika kwa niaba ya wananchi wote, hata kama nia yenu ni njema ekskaveta ikionekana pale bila karatasi mtaanza kujieleza. Kazi ya jembe fanyeni bulungi bwansi, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, na kijiji, pesa ibaki kwa simenti.

Hao vijana msiwapeleke polisi. Waambieni siku ya kushusha maji ni fulani, waje mchana wavue kamongo na kambare wachukue, nanyi mnapata mikono ya kuchimba.

mafunjo_mpigi
Asanteni sana wazee, na wewe dada. Njia tumeifunga jana, kamati imelalamika lakini imekubali, tuta kwanza. Kiongozi wa hao vijana nimeongea naye leo asubuhi, alikataa kwamba ni yeye, halafu akauliza kama mwezi wa sita tutampa gambuti.