Nimekuta kuberi (tumbaku ya kubana mdomoni) kwenye sare ya mwanangu wa kidato cha pili, nianzie wapi?

MamaMapacha: Habari za jioni wakuu. Jana nafua, mfuko wa suruali ya mwanangu (miaka 15, shule ya kutwa hapa Dar) ukatoa kipakiti kilichokunjwa mara nne. Ndani vumbi la kahawia, kunusa tu nikapiga chafya. Nikajua bangi. Kijana wa bodaboda hapa nje akacheka: "Mama, hiyo kuberi." Nikikumbuka sasa, dalili zilikuwepo: kutema mate kila saa, na nauli isiyotosha tena. Baba yake dereva wa lori, yuko Tunduma, anarudi Ijumaa. Nisaidieni kabla hajafika.

KisuButu: Fimbo. Sisi tulichapwa na tumekuwa watu.

MwalimuWaZamu: Tulichapwa, na wenzetu wakaendelea kuvuta chooni. Dada, mimi nafundisha sekondari. Kuberi imeshika kwa sababu haina moshi. Anaibana kati ya mdomo wa chini na ufizi, anakaa kwenye hesabu dakika themanini, nikotini inapenya taratibu, wewe ubaoni huoni kitu. Pombe wanachanga. Viroba vilipopigwa marufuku Machi 2017 tulishusha pumzi, kumbe wakahamia chupa ndogo za plastiki. Chunguza kundi. Shule inatoka saa nane, yeye anafika nyumbani saa ngapi, na nani?

Mstaafu_wa_Maskani: Nilianza na ugoro nikiwa kidato cha kwanza. Nikakamatwa, nikasimamishwa wiki mbili. Mzazi kazini, mimi kutwa maskani na wakubwa. Bangi nilijifunzia huko, katika hizo wiki mbili za adhabu. Usikimbilie kwa mwalimu wa nidhamu.

Chausiku88: Mpeleke wakampe methadoni.

NesiWaUsiku: Hapana jamani, methadoni ni dawa ya waraibu wa heroini. Hii ni tumbaku. Piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya, uulize msaada ulio karibu nawe. Akiacha, siku tatu za mwanzo atakuwa mkali na usingizi utamsumbua. Usidhani ni kiburi. Na kumuuzia tumbaku mtoto wa chini ya miaka 18 ni kosa kisheria, huyo muuzaji msimwache.

MamaMapacha: Mrejesho. Nilimwita tuchambue mchele, nikauliza bila kumtazama. Kimya, mpaka ungo ukakaribia kuisha. Akasema mwenzake ndiye alimwonjesha, eti asisinzie kipindi cha mchana. Sasa wako watano. Baba yake nimeshamwambia kwa simu. Amefoka weee, lakini afokee huko huko Tunduma, akifika atakuwa amepoa. Leo siku ya pili. Mtoto amenijibu vibaya mara tatu, nimemeza. Ila wananunua kwenye genge mkabala na geti la shule, na mwenye genge tunasali naye jumuiya moja, Jumamosi zamu ni ya kwake. Huyo ndiye sijui nimwingieje.