Siku 45 za rufaa ya shamba zimepita mzee akiwa wodini, naombeni ushauri

Mjukuu_wa_Konde: Wakuu habari za mchana, niende kwenye mada moja kwa moja. Baba mdogo ana kesi ya shamba, baraza la ardhi la wilaya likampa ushindi jirani yake mwezi wa tatu. Siku ileile akaandika barua ya kuomba nakala ya hukumu, basi ikawa njoo kesho njoo wiki ijayo, nakala inakuja kutoka mzee kalazwa na presha. Karuhusiwa siku 45 zimeshakatika na juzi kaletewa wito wa kukazia hukumu, yaani jirani anataka hukumu itekelezwe. Kuna jamaa anasema tupeleke rufaa hivyohivyo tutajieleza mbele ya jaji. Imekaaje hii? Hela ya wakili ni ya kuungaunga.

Kisiki_cha_Mpingo: Huyo jamaa mpotezeeni. Rufaa iliyopitwa na muda inawekewa pingamizi la awali na inatupwa kabla hamjagusa habari za shamba, na gharama za mwenzenu mnabebeshwa juu. Mnaanza na maombi ya kuongezewa muda, yanaenda Mahakama Kuu sio barazani. Jaji anaweza kuongeza hata kama siku zimeisha ila sababu iwe ya msingi.

Mama_Tunu: Poleni na mzee. Ya kwetu ilifia hapohapo kwenye sababu, shemeji aliandika alikuwa anaumwa basi, jaji akamuuliza umetoka hospitali tarehe hii, maombi umeleta tarehe hii, hapo katikati ulikuwa wapi? Kimya.

Shahidi_wa_Tano: Mama Tunu umemaliza. Kesi inayotajwa kila siku kwenye haya maombi ni ya Lyamuya Construction, maombi namba 2 ya 2010, Mahakama ya Rufani: uelezee muda WOTE uliochelewa, kuchelewa kusiwe kwa kupitiliza, uonyeshe ulikuwa unahangaika sio umelala, na kama hukumu yenyewe ina kasoro kubwa ya kisheria uitaje, mfano mlinyimwa nafasi ya kusikilizwa. Kwa hiyo hati ya kiapo ya mzee iende kwa tarehe, hukumu lini, barua lini, nakala lini, kalazwa lini, karuhusiwa lini, na kila tarehe ina karatasi yake nyuma. Fomu ya kuruhusiwa hospitali msiipoteze. Halafu pigeni hesabu vizuri, siku za kusubiri nakala sheria ya ukomo (ile ya muda wa mwisho wa kufungua kesi na rufaa) inazitoa kwenye hesabu, unaweza kukuta mmechelewa kidogo kuliko mnavyodhani.

dalali_mstaafu: Ila huo wito wa kukazia mzee aende asikae nyumbani. Maombi ya muda peke yake hayazuii mtu kuvunjiwa, zuio la kusimamisha utekelezaji linaombwa lenyewe. Nimeona watu wanatembea na karatasi ya Mahakama Kuu mfukoni huku nyumba inashushwa bati.

Chausiku88: Nidandie uzi, mimi aliyezembea ni wakili niliyemlipa, hiyo ni sababu?

Shahidi_wa_Tano: @Chausiku88 mara nyingi haipokelewi, uzembe wa wakili unahesabika wako. Na "sikujua sheria" ndo kabisaa.

Mjukuu_wa_Konde: Shukrani sana wakuu. Barua tunayo na muhuri wa kupokelewa upo. Tatizo nakala imegongwa tarehe ya nyuma kabisa kama vile ilikuwa tayari mapema, wakati sisi tumepewa baadaye sana.

Shahidi_wa_Tano: Hilo dogo ila mlishughulikie mapema. Tafuteni risiti ya malipo ya nakala, kontro namba inaonyesha tarehe mliyolipia, na kama mlisaini kitabu cha kuchukulia muombe nakala ya huo ukurasa. Mkimtaja karani kwenye kiapo naye aape cha kwake, la sivyo itaonekana maneno ya kuambiwa. Wakili jaribuni LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu), wasio na uwezo wanasaidiwa bure. Nendeni wiki hii hii mkuu, kila siku mnayokaa sasa hivi nayo itatakiwa maelezo.