Mota gani inafaa kulisha korosho kwenye mashine ya kubangua? Naombeni ushauri

Mbanguaji_Tandahimba
Habari za jioni wakuu. Tuna kikundi chetu huku Tandahimba, mashine ya kubangua tunayo ila kulisha bado ni mtu anachota kwa sado anamwaga, akipigiwa simu anamwaga nyingi visu vinakaba vinatoka vipande vitupu, akisinzia mashine inazunguka bure, na nzima na iliyovunjika mnajua bei zake haziko sawa hata kidogo. Nataka niweke hopa (sanduku la kumwagia korosho) juu ishushe taratibu kama kilo 90 kwa saa hivi. Nina mota ya pampu ya maji, fezi moja, farasi moja, kibao kinasoma mizunguko 2850 kwa dakika. Wazo langu niifunge na skrubu chini ya hopa, spidi nipunguze kwa rigyuleta ya feni ya dari. Itaenda au nitaunguza?

waya_mwekundu
Utaunguza. Rigyuleta inashusha volti tu, na mota ya kapasita kama hiyo yako ya fezi moja nguvu ya kuzungusha inashuka kwa mraba wa volti, yaani 230 ikiwa 180 unabaki na asilimia 60 tu. Ikiwa na mzigo itanguruma, itachemka, kwaheri.

chuma_cha_Masasi
Mi hiyo skrubu ndo siipendi. Korosho ina umbo la figo, inajibana kati ya skrubu na ukuta wa bomba, ikikwama hapo unaitoa kwa bisibisi. Chomelea ngoma ya vifuko, sita tu, kila kifuko kibebe gramu 50 (ghafi ni kama punje 9 au 10). Ikizunguka mara 5 kwa dakika ni vifuko 30, kilo moja na nusu kwa dakika, ndo hizo 90 zako.

kijana_wa_Lindi
Chukua mota ya waipa ya gari, volti 12, ina gia ndani tayari. Mchezo umeisha

waya_mwekundu
Kwa majaribio sawa, ila ya waipa haikutengenezwa kushinda inazunguka kutwa na mzigo, utakuwa unaisubiri ipoe kila saa.

Mbanguaji, kabla hujanunua chochote pima kwanza. Funga nondo ya sentimita 25 kwenye shafti ya ngoma, jaza hopa, vuta ncha ya nondo kwa mizani ya ndoano mpaka ngoma ianze kuzunguka, leta jibu.

Mbanguaji_Tandahimba
Ngoma nimeichomelea. Mizani imegonga kilo 8 ndo ikaanza.

waya_mwekundu
Safi. Kilo 8 kwa robo mita ni kama nyutoni mita 20. Zidisha kwa mizunguko 5, gawa kwa 9550 (namba ya kanuni ya kupata kilowati), unapata kilowati 0.01. Wati kumi mkuu! Hata ukiongeza za gia kula na za kuanzia, mota ya robo farasi inabaki na akiba kubwa. Ile farasi moja yako ukiipitisha kwenye gia ya kupunguza hivyo, jiwe likiingia haisimami, itapinda shafti kwanza. Kazi hapa ni kupunguza mizunguko, nguvu si tatizo. Tafuta mota ya mizunguko 1400 yenye geaboksi ya 1:100, inatoka 14, kisha mnyororo wa baiskeli, meno 16 kwenye geaboksi na 44 kwenye ngoma, unaangukia 5.

chuma_cha_Masasi
Ile ya 16 ya nyuma inazunguka bure upande mmoja, ichomelee. Na mpira wowote uuweke mbali, mafuta ya ganda yanautafuna, ngozi pia.

Mbanguaji_Tandahimba
Nikitaka kubadili spidi je? Na swichi?

waya_mwekundu
Spidi badilisha gia ya baiskeli, rahisi. Ukitaka kitufe cha kuzungusha basi ni inveta (kifaa cha kubadili hezi za umeme unaoingia kwenye mota), na hapo mota iwe ya fezi tatu ifungwe delta (koili zake tatu kwa pembetatu) kwa 220, ya kapasita inveta haiitaki. Usiishushe chini ya hezi 25 muda mrefu, feni yake inakuwa mvivu.

Swichi ya kawaida usiweke, umeme ukikatika ukarudi mashine itaamka mkono wa mtu ukiwa ndani. Weka kontakta (swichi inayovutwa na koili ya sumaku) na ovaload (inayokata mota ikizidiwa), kitufe cha kuwasha na cha kuzima, na koili ya mlishaji ipitie mguso wa ziada wa kontakta ya kubangua. Kubangua kukizima, kulisha kunazima hapohapo.

Mbanguaji_Tandahimba
Hiyo ya mguso wa ziada sijaielewa kaka, mchoro tafadhali

waya_mwekundu
Nipigie picha kontakta ya mashine kubwa kwanza, nione kama ina pini za 13 na 14, ndo mguso wenyewe huo. Usiku nakuchorea.