Saksafoni alto ya zamani, imeandikwa jina la duka tu: kiwanda ni Conn, Buescher au Martin?

Kidali: Wakuu habari za jioni. Nina saksafoni alto ya zamani, imepakwa silva na imeshakuwa nyeusi nyeusi, kwenye beli (ule upana wa mwisho unaotoa sauti) kuna jina la duka la Marekani ambalo sijawahi kulisikia. Nyuma kuna namba ya tarakimu tano, herufi A na maneno LOW PITCH. Nimeingiza namba kwenye listi za mtandaoni, ya Conn inanipa mwaka wake, ya Buescher wake, ya Martin wake. Nishike ipi?

BendiYaMtaa: Usishike hata moja mkuu. Namba inasema kitu ukishajua kiwanda. 60,000 kwa Selmer, kiwanda cha Ufaransa, ni miaka ya 1950, kwa Conn ni kama 1920 hivi. Na hiyo A ni alto tu, wala si modeli. LOW PITCH shukuru, ingekuwa HIGH PITCH usingeweza kupiga na bendi, zile zinaenda juu ya A 440, kipimo cha sauti wanachotumia bendi, na hata ukivuta kipande cha kupulizia haikai sawa.

Mzeewajazi: Mimi naona Selmer hiyo, silva ile ya zamani naijua

fundi_pedi: Selmer wa Ufaransa wanaandika Paris mzee wangu, hawajifichi nyuma ya duka. Kidali, achana na maandishi kabisa, viwanda vya Elkhart, Indiana vilikuwa vinatengenezea maduka mzigo na kuuchonga jina la duka, Conn, Buescher na Martin wote walifanya hivyo na wote walikuwa mji huohuo. Angalia matundu yanayofunikwa na funguo. Ukingo ukiwa umekunjwa nje mviringo ni Conn, ila mzigo wa maduka mara nyingi waliuacha bila kukunja, kwa hiyo usipouona usiitoe Conn. Ukiwa umevutwa kutoka kwenye bomba lenyewe na umesimama wima, hapo ni Buescher au hiyo Conn ya maduka, na kuzitenganisha ni kazi, lazima uweke picha za funguo. Ikiwa ni pete iliyochomelewa kwa risasi na ukingo wa juu umechongwa mshazari, Martin, sibishani na mtu.

Otis254: Lakini King wa Cleveland pia walikuwa wanachomelea bana

fundi_pedi: Kweli, ndio maana nimesema mshazari. Wa King ukingo ni bapa.

Kidali: Nimemulika tochi. Mshono upo kwenye kitako cha tundu, na ukingo umelala mshazari kabisa. Funguo za beli moja iko kushoto nyingine kulia, na ule ufunguo wa mbele wa F ya juu hakuna.

fundi_pedi: Martin hiyo, hongera. Mwaka sasa: namba za mzigo wa maduka hazifuati vizuri listi ya kiwanda, kwa hiyo soma umbo. Funguo za beli pande mbili, F ya mbele hakuna, LOW PITCH imegongwa, mimi ningesema miaka ya 1920 nikaishia hapo.

BendiYaMtaa: Nami nasema hivyohivyo. Usiipeleke kwa mtu wa kung'arisha kwa mashine, silva itaisha na michoro itafutika.

fundi_pedi: Na anayebadilisha pedi (vile vifuniko laini vya matundu) mwambie apunguze moto, pete zile zimeshikwa na risasi laini, zikipata joto zinaachia. Kabla ya pedi apime kila pete kama haivuji, Martin nyingi za zamani zinavujia hapo hapo kwenye mshono na watu wanalaumu pedi.