Naomba mwongozo: nautathminije mwaka unaoisha kabla sijapanga ujao?

Kalamu Nyeusi (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mwaka unapokaribia kuisha nakaa na daftari nikitaka kuutathmini, naishia kuandika mistari mitatu ya jumla ("mwaka ulikuwa mgumu", "nimejitahidi"), kisha naruka kwenye malengo mapya ambayo ukiyaweka kando ya yale ya zamani ni yale yale. Safari hii nataka kwenda kwa utaratibu. Naomba kujua naanzia wapi, kazi yenyewe ichukue muda gani, na lengo lililokwama linachambuliwaje bila kuishia kwenye "sikuwa na nidhamu". Maeneo yangu ni fedha, afya na kozi ninayosoma jioni baada ya kazi. Shajara sina. Nina simu, na kalenda niliyoijaza nusunusu.

Wenye uzoefu karibuni.

---

Mzee wa Daftari

Mkuu, kosa liko kwenye kuanza kuhukumu kabla ya kukusanya ushahidi. Kichwa hakihifadhi mwaka sawasawa. Wiki za mwisho zinafunika miezi ya mwanzo, na tukio moja kubwa linaupaka mwaka mzima rangi yake. Ndiyo maana unaandika "ulikuwa mgumu" na huna cha kuongeza.

Gawa kazi katika vikao viwili, siku mbili tofauti. Cha kwanza ni kukusanya tu, cha pili ndicho cha kupima. Ukivichanganya, ukifika mwezi wa tatu utakuwa umeshaanza kujilaumu na uchambuzi umeishia hapo.

Kikao cha kwanza: chora jedwali la mistari 12, mmoja kwa kila mwezi, na safu nne: matukio, fedha, nilichokamilisha, mwili na nguvu. Karatasi moja haitoshi, bandika mbili kwa upana au tumia jedwali la kompyuta. Kisha pitia vyanzo kwa mpangilio huu:

1. Picha za simu. Anza nazo kwa sababu zina tarehe na zinaamsha kumbukumbu nyingine. Angalia folda ya kamera pekee. Picha ulizotumiwa kwenye makundi mara nyingi hubeba tarehe ya kupokelewa, si ya kupigwa, na zitakuvuruga.
2. Kalenda, hata kama imejazwa nusu.
3. Taarifa ya benki na jumbe za miamala.
4. Barua pepe ulizotuma. Sisemi ulizopokea. Zilizotumwa ndizo zinazoonyesha ulichokifanya wewe.

Dakika 10 kwa kila mwezi, kwa kengele ya simu. Jumla ni saa 2. Bila kengele utajikuta unatazama picha za sherehe hadi jioni. Andika mambo matatu hadi sita kwa mwezi, kwa maneno ya tukio: "nimebadilishiwa zamu tarehe 9", si "kazi ilichosha". Mwezi usio na kitu uache wazi, usiujaze kwa kukisia. Nafasi tupu nayo ni taarifa.

---

Bi Hesabu

Naongezea upande wa fedha, maana hapo ndipo wengi wanapotea.

Usipitie muamala mmoja mmoja, utachoka mwezi wa pili. Pakua taarifa ya mwaka mzima, panga kuanzia kiasi kikubwa kwenda kidogo, kisha chambua mistari 30 ya juu. Kwa vile vidogo vidogo, chagua miezi miwili ya kawaida (isiwe ya sikukuu wala ya safari), jumlisha kwa makundi, tafuta wastani, zidisha mara 12. Hutapata hesabu ya senti kwa senti, ila kwa kupanga inatosha.

Mitego miwili. Pesa uliyohamisha kutoka akaunti yako kwenda akaunti yako nyingine si matumizi, iondoe pande zote mbili. Na mkopo uliopokea si kipato. Ukiuacha kwenye safu ya mapato, mwaka utaonekana mnono kuliko ulivyokuwa.

Baada ya hapo fanya zoezi hili moja, ndilo lenye thamani kuliko yote: tenganisha dharura za kweli na gharama zinazokuja kila mwaka. Mfano, kipato ni 100 kwa mwezi na lengo lilikuwa kuweka akiba 10. Mwisho wa mwaka ilitakiwa iwepo 120, ipo 35. Pengo ni 85. Ukilifungua unakuta matengenezo ya gari 24, bima 18, ada ya shule 25. Hizo tatu ni 67, na zote zilijulikana tangu Januari. Pengo lisilo na maelezo ni 18 tu.

Kwa hiyo huyu mtu si mbadhirifu. Lengo lake ndilo lilikuwa na kasoro. 67 ukigawa kwa 12 ni karibu 5.6 kwa mwezi. Akitaka kubaki ndani ya ile 10, akiba yake halisi ni 4 na kidogo. Mwaka ujao ama atenge 5.6 kwenye fungu lake na kuweka lengo la 4, ama atafute pa kupunguza. Akiandika 10 tena bila kufanya lolote kati ya hayo, atarudi na uzi huu huu.

---

Jicho la Tatu

Kuna watu watakushauri ujipe alama 1 hadi 10 kwa kila eneo la maisha. Sikushauri. Alama unayojipa leo inapima hali yako ya leo. Ukiwa umelala vizuri afya inapata 7, ukiwa na mafua inapata 4, na mwaka ni ule ule. Kama unazipenda alama, zitoe baada ya jedwali kujaa, na kando ya kila alama andika tukio linaloitetea. Isiyo na tukio ifute.

---

Fundi wa Ratiba

Nakuja kwenye lengo lililokwama, maana naona bado halijaguswa.

Jeshi la Marekani tangu miaka ya 1970 linatumia mapitio ya maswali manne baada ya kila zoezi: nini kilikusudiwa, nini kilitokea, kwa nini vimetofautiana, na safari ijayo tufanye nini. Yanatosha kabisa kwa lengo la mtu mmoja. Ila swali la kwanza lijibiwe kwa ulichoandika wakati ule, si unachokumbuka sasa. Mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alionyesha mwaka 1975 kwamba mtu akishajua matokeo hujiona aliyaona yakija tangu mwanzo. Utasema "nilijua tu haitawezekana" wakati Januari ulikuwa na uhakika. Kama hukuandika popote, andika unavyokumbuka na uweke alama K pembeni, ili ujue hapo umesimama kwenye kumbukumbu na usipaegemee sana.

Kisha jiulize lengo liko kundi lipi, kwa sababu tiba hazifanani:

*Halikuanza kabisa.* Ama hatua ya kwanza haikujulikana ("kujenga afya" unaianzaje Jumatatu asubuhi?), ama hukulitaka, ulilibeba kwa sababu kila mtu analibeba. Hilo la pili liondoe bila kuona haya.

*Lilianza likakatika.* Usitafute sababu, tafuta tarehe. Mfano kozi ina masomo 20. Masomo 7 yalikwisha miezi mitatu ya kwanza, mwezi wa nne sifuri, kisha 2 hadi mwisho wa mwaka. Rudi kwenye jedwali la Mzee wa Daftari, mstari wa mwezi wa nne: zamu ilibadilika, saa ya jioni ikaondoka. Somo lilikuwa limefungwa kwenye saa ambayo haipo tena, na hakuna aliyelihamisha. Hapo nidhamu haihusiki. Mwaka ujao saa ya somo ifungwe kwenye kitu kisichohama, na uandike kabisa: "zamu ikibadilika, ndani ya wiki hiyo hiyo nachagua saa mpya."

*Liliendelea kwa mwendo wa polepole.* Hili ni la makadirio. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kuhusu tabia ya watu kukadiria muda mfupi kuliko unaohitajika, hata wanapojua kazi kama hiyo ilichelewa huko nyuma. Dawa ni kupanga kwa mwendo uliojipima wenyewe, si unaoutamani. Ila angalia: kwenye mfano wa kozi, usichukue masomo 9 ukagawa kwa miezi 12. Mwendo wa kweli ni 7 kwa miezi mitatu, wakati saa ilikuwepo. Masomo 11 yaliyobaki ni takriban miezi mitano ikiwa saa itarudi, na hayatakwisha ikiwa haitarudi.

Uliza "kwa nini" hadi ufike kwenye kitu unachoweza kukihamisha: saa, mahali, kiasi, mtu wa kushirikiana naye. Jibu likianza kuwa tabia yako ("mimi ni mvivu") umepotea njia, rudi hatua moja nyuma.

---

Kalamu Nyeusi (mleta mada)

Shukrani sana wakuu, tayari nimeona nilikuwa naanzia mwisho. Mawili yamebaki. Afya sina rekodi yoyote, nafanyaje? Na kuna mwezi mmoja sitamani kuurudia kabisa, naweza kuuruka?

---

Mzee wa Daftari

Rekodi unazo, zimetawanyika. Simu nyingi zinahesabu hatua hata kama hujawahi kufungua programu yake. Linganisha mwezi kwa mwezi, usiziamini kama idadi kamili, kwa sababu simu ikiachwa mezani haihesabu kitu. Ongeza kadi ya kliniki, risiti za dawa, na siku ulizoomba ruhusa kazini kwa ugonjwa. Vinne hivyo vinatosha kuonyesha miezi mibaya ilikuwa ipi.

Mwezi mzito usiuruke, ila uuache uwe wa mwisho. Andika mstari mmoja tu wa tukio, safu nyingine ziache. Kitu cha lazima ni kujua athari zake kwenye miezi iliyofuata, maana malengo mengi yaliyokatika yatakuwa yamekatikia hapo, na usipouona mwezi huo utayasingizia mengine. Kama hata mstari mmoja unakuzidi, uandike ukiwa na mtu unayemwamini, na maswali manne ya Fundi usiyatumie hapo. Yametengenezwa kwa ajili ya mipango, hayafai kwa msiba.

---

Jicho la Tatu

Msisahau yaliyofanikiwa. Watu wanachambua vilivyokwama pekee halafu mwaka unaofuata wanavuruga hata kilichokuwa kinakwenda. Chukua mawili yaliyokwenda vizuri uyapitishe kwenye maswali yale yale. Jiulize hasa: je, kingetokea hata kama nisingefanya chochote? Ukilipwa deni la zamani, hiyo ni bahati njema, isiingie kwenye mpango wa mwaka ujao kama vile itajirudia.

Na muulize mtu mmoja anayekuona kila siku, mwenzi au mfanyakazi mwenzako. Usimuulize "unanionaje?", atakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Muulize matukio: "Ni lini mwaka huu uliniona nimeelemewa?" "Nini niliahidi nikasahau?" Wewe andika, usijitetee.

---

Bi Hesabu

Swali la nini kipite mwaka ujao: mafungu matatu, endeleza, badilisha, acha. Fungu la "acha" liandikwe pamoja na sababu, vinginevyo Januari lengo lile linarudi likiwa limevaa jina jipya.

Kabla ya kuongeza lolote, hesabu saa. Wiki ina saa 168. Toa usingizi 56, kazi na usafiri tuseme 55, chakula, usafi na nyumba 28. Zinabaki 29, na hizo ndizo pia za familia, ibada, wagonjwa wa kwenda kuona na kupumzika. Ukishatoa hivyo utakuta una saa 6 au 8 za malengo. Kozi ikihitaji 4, yaliyobaki yote yanagombea mbili hadi nne zilizobaki. Weka saa kando ya kila lengo. Jumla ikizidi, punguza malengo, usingizi usiuguse.

---

Fundi wa Ratiba

Nyongeza fupi: kuanzia wiki ya kwanza ya mwaka andika mstari mmoja kila wiki, siku ile ile, kwenye daftari hilo hilo. Mistari 52 kwa mwaka. Kila baada ya wiki 13 tumia nusu saa kuipitia kwa maswali manne. Ukikosa wiki mbili usijaze kwa kurudi nyuma, endelea na ya sasa. Kujaza viporo ndiko kunakoua daftari.

---

Kalamu Nyeusi (mleta mada)

Nimeelewa. Nianze lini? Nikisubiri tarehe 31 naona nitakuwa kwenye pilikapilika.

---

Bi Hesabu

Anza hata wiki hii na miezi 11. Mstari wa 12 uache wazi hadi taarifa ya benki ya Desemba itoke, mara nyingi ni siku chache za mwanzo wa Januari, na kikao cha kupima kifanye baada ya hapo. Taarifa za zamani zipakue mapema, maana baadhi ya programu za benki zinaonyesha miezi michache tu ya nyuma na ya zamani zaidi lazima uombe.