Mrejesho: maoni ya vijana kuhusu riwaya ya mapenzi ya kudumu

Asanteni sana, ndugu zangu. Niliuliza namna ya kuwafanya vijana wa miaka 14 hadi 17 wa klabu ya usomaji, Mbale (Uganda), watoe maoni ya kweli kuhusu riwaya ya wapenzi wanaosubiriana miaka 20, badala ya kusema tu "ni nzuri".

Vikaratasi visivyo na majina vilifaulu, hasa kwa swali: "Ungemsubiri mpaka lini?" Wengi waliandika kwamba kumsubiri mtu asiyeleta hata barua ni ukaidi, si upendo. Jibu zito hilo!

Kusoma kwa sauti kulisaidia nusu: sura za barua, zenye Kiswahili cha pwani, ziliwachosha waliozoea Lumasaaba, lugha ya huku Mbale. Orodha ya maneno magumu 15 igawiwe kabla ya kusoma, si baadaye. Mjadala wa wavulana na wasichana pamoja ulikwama kabisa, waliogopa kutaniwa.